Mashavu ya Dawa

Aliyeuona uvimbe wangu kabla yangu ni jirani yetu msusi. Nilikuwa nimerudi likizo nyumbani Kitaji, hapa Musoma, nimekaa chini kwenye mkeka, kichwa kikiwa katikati ya magoti yake, ananisuka twende kilioni. Vidole vyake vikasimama shingoni upande wa kushoto, juu kidogo ya mfupa wa bega. Akabonyeza. Akaniuliza kama panauma. Nikasema hapaumi.

"Bora pangeuma," akasema, akaendelea kusuka.

Ninaandika kwa ajili ya mtu mwingine ambaye ameguswa mahali, akaulizwa kama panauma, akajibu hapana. Sina dawa ya kumpa. Ninachoweza kumpa ni habari za mtu aliyekaa kwenye mabenchi anayoenda kuyakalia yeye, akajua ni lipi lina msumari.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, Dar es Salaam, nikisoma kemia ya viumbe hai. Nilikuwa mtu wa kuuliza. Padri wetu aliwahi kumwambia mama kwamba nikifika mbinguni nitamwomba Mtakatifu Petro kitambulisho, na mama akalichukua neno hilo kama sifa. Muhula ule mhadhiri wetu alikuwa ametufundisha kwamba ndani ya seli kuna vimeng'enya vinavyobandika fosfati juu ya protini, mahali paitwapo tairosini, na kila ikibandikwa seli inapata amri ya kukua na kugawanyika. Nilinyoosha mkono nikauliza nani anaibandua. Akasema hilo ni swali zuri, tutalifikia. Hatukulifikia. Nilirudi likizo, na likizo yangu ikawa ndefu kuliko ya wenzangu.

Swali la shingoni mwangu sikuliuliza kwa bidii kama lile la darasani. Kila jioni homa ilinipanda, nikameza klorokwini. Mwili ukawasha, na hilo halikumshangaza mtu, maana kwetu kila mtu anajua klorokwini inawasha. Nilijikuna kwa kitana, kwa gunzi la mahindi, kwa ukuta. Homa ikarudi, nikameza tena, nikajikuna tena. Ningekuwa nimezaliwa mahali ambapo klorokwini haiwashi watu, labda mmoja wetu angejiuliza mbona huyu anajikuna hata wiki ambayo hajameza kidonge. Muwasho ulikuwa wa ugonjwa wenyewe. Tuliisingizia dawa, na mimi, msomi wa nyumba, nilikuwa wa kwanza kuisingizia.

Baadaye hospitalini walisema ni kifua kikuu cha tezi. Baba akawa ananipakia kwenye baiskeli hadi zahanati ya misheni Nyegina kuchomwa sindano. Muda alikuwa nao. Sabuni, sukari na vitenge vilikuwa vimerudi madukani baada ya miaka ya foleni, ila kazi ndizo zilikuwa zinaondoka, na kiwanda cha nguo alichofanyia kazi tangu nizaliwe kilikuwa kimempunguza. Mama alianza kukaanga mapanki, yale mabaki ya sangara ambayo viwanda vinaacha baada ya kuchukua minofu, akauza mlangoni. Nyumba yetu yote ilinuka mafuta. Homa na harufu ile vimeshikana kichwani mwangu mpaka leo.

Mvua za vuli zilitukuta bado tunakwenda Nyegina. Uvimbe sasa ulikuwa mahali patatu. Asubuhi moja sista aliyekuwa ananichoma alishika shingo yangu, akaweka bomba la sindano mezani likiwa limeshajazwa.

"Sikuchomi tena," akasema. "Sitaendelea kukutibu ugonjwa ambao huna. Nendeni Mwanza."

Wagonjwa wengi wanakumbuka jina la daktari aliyewaponya. Mimi namkumbuka yule sista aliyeacha kunichoma.

*

Mwanza wakakata kinyama shingoni, wakatuambia tusubiri. Tulisubiri mpaka mahindi yakaanza kubeba. Majibu yalipotoka, daktari, kijana ambaye kola ya shati lake ilikuwa imegeuzwa na fundi ili upande usiochakaa utokee nje, alisema ni saratani ya tezi, na kwamba ni katika zile ambazo dawa inaweza kuzishinda. Mama akauliza saratani ndiyo nini. Akaambiwa ni kansa. Mama akasema kansa ni ya Wazungu. Daktari hakucheka. Akamwambia, "Mama, mimi pia nilikuwa nafikiri hivyo kabla sijafanya kazi hapa."

Nilimuuliza kwa nini mimi. Akasema hajui. Nikamuuliza ni nini kinachoifanya seli isisimame. Akaniangalia.

"Wewe si ndiye uko chuo kikuu? Ukijua, uje unieleze."

Dawa ilikuwa ya kozi sita, kila kozi ikianza na dripu na kumalizikia na vidonge. Dawa zenyewe hospitali ilikuwa nazo leo, kesho haina, na ndugu wa wagonjwa walikuwa wanatumwa mjini kutafuta, pamoja na glovu na mabomba ya sindano. Kwenye benchi la kusubiri dripu ndipo nilipomkuta Mwanaidi. Alikuwa binti wa fundi cherehani wa Nyasura, kule Bunda, Mwislamu, umri wangu, na ugonjwa wake ulikuwa wangu.

"Wewe wa ngapi?" akaniuliza. "Mimi wa pili. Ukitaka kutapika geukia kule. Huku ni kwangu."

Aliyonifundisha Mwanaidi siku ile ndiyo ninayokupa wewe. Njoo na beseni lako, la hospitali linapita mikono mingi. Weka tangawizi shavuni. Usikalie benchi la karibu na dirisha, lina msumari. Na siku ya dripu usile chakula unachokipenda, maana hutakipenda tena. Hili la mwisho aliniambia nikiwa nimeshachelewa. Mama alikuwa amenitengenezea mchuzi wa sato ili nipate nguvu. Nimezaliwa pembeni mwa ziwa, na mpaka leo mtu akichemsha sato natoka nje.

Nywele zilianguka baada ya kozi ya kwanza, asubuhi, zikabaki kwenye mto kama manyoya ya kuku aliyekamatwa. Vidole vikafa ganzi, nikawa siwezi kufunga vifungo. Taya liliniuma kana kwamba nimetafuna mawe. Kutoka Mwanza sikuweza kufika Musoma bila kushuka, kwa hiyo baada ya kila dripu basi lilinishusha Bunda nikalala kwao Mwanaidi. Baba yake alitutengenezea kofia za pamba. Mishono aliiweka nje, kwa sababu alikuwa amegusa kichwa cha mwanawe akajua mshono wa ndani ungemuumiza. Tulikaa barazani kwake tumevaa kofia zilizogeuzwa, watu wa Nyasura wanapita, Mwanaidi anawasalimia wote kwa jina.

"Wanasemaga tuna ukimwi," akaniambia. "Waache waseme. Wakikondeshwa na umbeya wao tutawaazima mashavu."

Mashavu tulikuwa nayo kweli. Kati ya vile vidonge, kimoja kinamfanya mtu ale kama amefungua mfungo na kinamjaza uso ukawa wa mviringo. Miaka ile vijana wa rika letu walikuwa wanakonda na kuzikwa, na kila mtu alikuwa amejifunza kupima mwenzake kwa macho barabarani. Aliyekonda anakufa. Aliyenenepa amepona. Kwa kipimo hicho mimi na Mwanaidi tulikuwa wazima kuliko wauguzi wetu.

*

Baada ya kozi ya tatu uvimbe haukuwepo. Jirani msusi aliipapasa shingo yangu akapiga kigelegele. Mama alitoa shukrani kanisani. Wanawake wa jumuiya walikuja nyumbani, wakanishika mashavu, wakasema Mungu mkubwa. Niliwaambia bado kozi tatu. Wakaniangalia kama mtu anayedai chenji wakati amekwishapewa mzigo wote.

Kilichokuwa kimeondoka na uvimbe ni damu yangu ya kila mwezi. Nilimwambia daktari, mama akiwa amekaa pembeni yangu. Daktari alivuta kiti akakaa, na nimejifunza kwamba daktari akivuta kiti si habari njema.

"Dawa hizi zinaua kinachokua haraka," akasema. "Haziulizi ni nini. Ukiacha sasa, uzazi unaweza kurudi. Ukimaliza zote sita, nafikiri hautarudi. Sina uhakika."

"Na akiacha, ugonjwa?" mama akauliza.

"Ukirudi, Mama, unarudi umezoea dawa."

Basi lilisimama Bunda. Pale aliponunua maji ndipo akaniambia, bila kuniangalia, kwamba yeye alizaa watatu akazika wavulana wawili kwa surua, na aliyebaki ni mimi. "Umepona. Jiangalie. Unataka nini tena huko?" Nikamwambia sitaki kufa. Akasema hakuna aliyetaja kufa isipokuwa mimi. Akaongeza kwamba tutakwenda Butiama kwa Bibi, na Bibi atakachosema ndicho.

Mama alikuwa na hakika Bibi atasema niache. Mimi pia.

Hapa inabidi nieleze nyumba yetu. Bibi Wakuru hakuzaa. Mumewe alipokufa, alitoa ng'ombe akaoa mwanamke. Kwetu hilo linaitwa nyumba ntobu. Mwanamke asiye na mtoto anaweza kumwolea mwanamke mwenzake, akamtafutia mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wakawa wa nyumba yake yeye aliyeoa. Si habari za mapenzi. Ni habari za nyumba isife. Aliyeolewa ni Bibi Nyabweke, mama yake baba yangu, ambaye alifariki nikiwa shule ya msingi. Kwa hiyo Bibi Wakuru kwa mwili ni mwanamke, ila kwa nafasi kwangu ni babu. Alikuwa ananitania kama babu anavyomtania mjukuu wa kike. Tangu nikiwa mdogo aliniita "mke wangu." Nikifika Butiama ananiuliza mbona nimechelewa kumpikia mume wangu, nami namjibu kwamba mume asiye na meno ale uji. Nyumba yake ilikuwa na baba, na baba alikuwa na mimi. Baada yangu hapakuwa na mtu.

Tulimkuta anapepeta ulezi uani. Alinishika mashavu kama wengine, lakini hakusema nimepona. Aliyabonyeza, akanusa kiganja changu, akasema ninanuka chuma. Mama akaeleza yote. Alieleza vizuri, kwa haki, hata maneno ya daktari hakuyapunguza. Alipomaliza akasema anamwomba Bibi aniambie niache dawa, niolewe, nizae, na mengine tumwachie Mungu.

Bibi aliendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi.

"Amalize dawa," akasema.

Mama akafikiri hakusikia. Akarudia kwamba nikimaliza sitazaa.

"Nimesikia. Mimi nilizaa? Mbona umeolewa kwenye nyumba yangu?" Akanigeukia. "Maliza. Kuzaa si lazima uzae wewe. Ng'ombe wapo. Utaoa, kama nilivyooa mimi."

Mama alilia pale pale, jambo ambalo mkwe hafanyi mbele ya mkwe wake. Alisema yeye aliishi na Bibi Nyabweke miaka yote ile, anajua. Hakusema anajua nini. Bibi alimwacha alie, kisha akamwambia achote maji, na mama akachota, kwa sababu jambo lilikuwa limekwisha.

Sikuuliza kitu. Mimi, niliyewauliza wote, nililishika neno lile bila kuligeuza upande wa pili nione kuna nini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu na nilikuwa nimepewa ruhusa ya kuishi.

*

Mwanaidi hakupewa ruhusa kama yangu, au alipewa nyingine. Kulikuwa na kijana wa Bunda mwenye duka la mitumba, posa ilikuwa imekubaliwa kabla ya ugonjwa, na upande wa mume ulikuwa umevumilia ukaanza kuchoka. Wakaja kumwona. Wakaona mashavu. Wakasema mbona mzima.

Nilifika Nyasura kutoka kwenye dripu ya nne nikakuta maturubai yanafungwa. Nilimvuta pembeni nikamwambia bado. Nilimweleza nilivyojua, kwa maneno ya darasani, nikaona namchosha. Alikuwa amepaka hina hadi viwiko.

"Wewe una bibi wa kukuolea," akasema. "Mimi nani ataniolea? Dini yetu haina hayo." Alicheka, kisha hakucheka. "Sikiliza, Nyangeta. Nikiacha nikafa, nitakuwa nimeacha mtu. Nikimaliza nikapona, nitakaa barazani kwa baba nikivaa kofia. Nimelifikiria. Usinione mjinga."

Sijawahi kumwona mjinga. Hilo ndilo linalonisumbua. Nimesoma vitabu vya kuwafundisha wagonjwa ambamo anayeacha dawa ni mtu asiyeelewa. Mwanaidi alielewa. Alipima, akachagua, kwa mizani ambayo hakuitengeneza yeye.

Dripu ya tano na ya sita nilikwenda na mama. Ndiye aliyelishika beseni. Hakunisamehe na hakuniacha, na vyote viwili nilivihisi kwenye mkono uliokuwa unanishika paji la uso. Kituo cha Bunda tulipita bila kwenda Nyasura, maana Mwanaidi alikuwa kwa mumewe na mimi nilikuwa na aibu ya kumtapikia baba yake peke yangu. Mara moja nilimwona sokoni. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana, na nywele zimerudi, laini kama za mtoto. Alinishika kichwa akasema zangu zinarudi polepole kwa sababu ya maswali.

Alijifungua msichana. Uvimbe ulikuwa umesharudi, safari hii kifuani ndani, ambako msusi hafiki. Walimrudisha Mwanza wakaanza dawa upya, na dawa haikumfanya kitu. Nilipofika msibani baba yake alikuwa ameketi kwenye cherehani bila kushona, mguu kwenye pedali. Wanawake walinipa mtoto nimpakate. Alikuwa mzito na wa moto na alikuwa na mashavu yake mwenyewe. Kisha mama mkwe wa Mwanaidi akanyoosha mikono nikamrudisha. Ni mtoto wa kwao. Sikuwa na la kudai.

Nilikuwa nimemaliza kozi ya sita. Damu haikurudi. Haijarudi.

*

Mwaka wangu wa kwanza wa nafuu, wakati wa kupalilia, Bibi alituma watu. Nilikwenda Butiama nikamkuta amefagia uwanja. Hakuniita mke wangu. Alinipa kigoda, alichokuwa anampa mwanamume mgeni, akaniita "mzee mwenzangu," akaniambia msichana amepatikana. Baba yake ameafiki. Umri wake ulikuwa chini ya wangu kwa miaka mingi. Ng'ombe wametengwa, nikitaka niende zizini niwaone.

Nikasema sitaoa.

Akadhani naogopa watu wa mjini watasema nini. Nikamwambia hapana, nafikiria Bibi Nyabweke. Nilikuwa nakumbuka alivyokuwa anaondoka jikoni kila mwanamume yule aliyetafutiwa kuzaa naye alipoingia uani kusalimia, mpaka uzeeni. Niliuliza kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza anamtaka nani.

"Nyabweke alikulalamikia?"

"Hakuwahi kulalamika, Bibi."

"Basi."

"Ndiyo maana sitaoa."

Kuku walikula walichokula. Mwishowe akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba alinipa neno siku ambayo sikuwa na kitu, nikalichukua.

"Nililichukua," nikasema. "Nimeishi kwa hilo."

"Na sasa unanirudishia mikono mitupu."

Ningeweza kumjibu kwamba neno lake lilikuwa zawadi na si mkopo. Lakini haikuwa kweli, na yeye na mimi tulijua. Alikuwa ameitoa nyumba yake yote niishi, akiamini ipo njia ya kuirudisha, na njia hiyo ilipita juu ya msichana ambaye sikuwahi kumwona. Nilikuwa na haki na nilikuwa namzika. Bado sijui kama kuna mambo mawili pale au moja.

"Basi nyumba inaishia hapa," akasema, akaingia ndani.

Tangu siku ile aliniita Nyangeta.

*

Chuo walinirudisha mwaka wa pili, nikasoma na watoto. Mhadhiri alinikumbuka. Alisema lile swali langu sasa linaulizwa na watu wengi duniani. Vinavyobandua fosfati kwenye tairosini vina jina, fosfatesi za tairosini, na vilidharauliwa muda mrefu kama mfagiaji anavyodharauliwa. Sasa wanaona kwamba kimoja kikiharibika, amri ya kukua inabaki imebandikwa ukutani kama tangazo ambalo hakuna wa kulitoa, na seli inalitii bila kuchoka. Nilifurahi. Nilifikiri nimepata mbaya wangu. Yule daktari wa Mwanza nilikuwa na deni lake la jibu.

Mhadhiri akanyoosha kidole. "Usikimbie. Vingine vinafanya kinyume. Ukutani kuna tangazo la kusema kua, na kuna la kusema simama. Kuna fosfatesi zinazobandua lile la simama. Hizo zinaisaidia saratani. Kwa hiyo ukikutana na fosfatesi usiseme huyu ni breki. Uliza kwanza amebandua nini."

Nilimuuliza kwangu ilikuwa ipi. Akasema hajui, na pengine hatutajua. Ni jibu lile lile la daktari, na bado ndilo ninaloliamini kuliko yote niliyopewa na wanaojua. Usiku, sitaki kusema nililia, nilimfikiria mama aliyetaka kunisimamisha kwa kunipenda, na Bibi aliyenisukuma mbele kwa kubandua kitu ambacho hakikupaswa kubanduliwa. Halafu nikaacha kufikiria hivyo. Watu si protini.

*

Likizo iliyofuata ilikuwa zamu ya uchunguzi wangu Mwanza. Mama alikuwa na homa, baba alikuwa ziwani na watu wa dagaa. Asubuhi nilimkuta Bibi Wakuru kituoni Bunda, na fimbo yake na kikapu. Alikuwa ametoka Butiama bila kumwambia mtu. Hakuwahi kuvuka Bunda maishani. Alinisalimia kwa jina langu, akapanda basi, akakaa upande wa dirisha.

Hospitalini nilimwelekeza benchi lisilo na msumari. Wagonjwa walikuwa wengi. Mbele yetu alikuwepo msichana wa kama miaka kumi na minane na mama yake, wamevaa vitenge vinavyofanana, wanacheka kitu. Uso wa msichana ulikuwa mviringo, unang'aa. Bibi aliwaangalia kwa muda mrefu.

"Yule amepona," akasema.

"Hapana, Bibi. Yale ni mashavu ya dawa. Na Mwanaidi alikuwa nayo. Na mimi."

Akanigeukia akanitazama uso, ambao siku hizi ni mwembamba, wenye mifupa ya baba yangu, yaani ya Bibi Nyabweke. Akautazama sana. Nilijua anaona wapi unaishia.

Jina langu likaitwa. Daktari yule yule, kola mpya, alinipapasa shingo, kwapa, kinena, akatazama picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha. Akasema safi, hadi sasa. Nikamweleza habari za matangazo ukutani, nikalipa deni langu. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema ni vizuri kujua, akaita mgonjwa mwingine.

Nilipotoka, Bibi hakuwepo kwenye benchi. Alikuwa amesimama mbele ya wale wawili, ameegemea fimbo, na Kiswahili chake ambacho hakizidi cha kununulia chumvi. Mama wa msichana alikuwa anamweleza kwa adabu kwamba uvimbe umeisha, kwamba wanafikiri dripu hii itakuwa ya mwisho, wamwache binti apumzike, kuna mipango ya nyumbani.

Bibi alinyoosha mkono akamshika msichana shavu, akalibonyeza kama alivyobonyeza langu.

"Hii shavu ya dawa," akamwambia mama. "Siyo ya mtoto. Amalize."

Mama yule akaniangalia, kuniuliza huyu bibi ni nani na ana nini. Nikasema ni wangu. Nikasema mimi nilimaliza, na rafiki yangu hakumaliza. Walituangalia sote wawili, bibi kizee na mwanamke mwembamba, wakipima. Sijui walichoamua.

Jua lilikuwa limefika kwenye benchi letu na mtu mwingine alikuwa ameshakaa nusu yake. Nilikaa pembeni kabisa nikisubiri karatasi ya tarehe ya kurudi. Bibi alikuja polepole, akaweka kikapu chini, akanigonga mguu kwa ncha ya fimbo.

"Mke wangu," akasema. "Sogea nikae."

Nikasogea.